Nafasi Tatu za Kujaza

Fomu ina nafasi tatu:
chaguo la kwanza, la pili, la tatu.
Mwisho wa kupokelewa ni Ijumaa, saa kumi jioni.
Nimeandika jina, Mzevinari Kobalia,
jina la bibi yangu, refu kuliko mstari waliouchora.
Nimeandika: mwaka wa sita, udaktari.
Hapo kalamu ikagoma
kama punda aliyeona maji.

Mvua nyembamba inainyeshea Kutaisi.
Dirisha la wodi halifungi vizuri, na usiku kama huu
mto Rioni unasikika ukisaga mawe yake.

Mama anauza chenza sokoni.
Kila mteja ameshaambiwa: binti yangu atapasua mioyo.
Wengine humnong'oneza habari za mapigo yao,
naye huwaongezea chenza moja ya bure,
deni ninalodaiwa mimi.

Mjomba Bondo anasema: soma ngozi.
Ngozi haikuamshi saa tisa usiku,
haifi mikononi mwako,
na inalipa.

Otia alichagua mifupa tangu mwaka wa pili.
Analala usingizi wa gogo, ninamwonea wivu hadi kwa anavyokoroma.
Salome anakariri Kijerumani kwenye ngazi za dharura,
vitenzi vinamtoka midomoni kama dua.
Yeye ameshaondoka, ni mwili tu bado uko hapa.

Na mimi?
Ninachokipenda ninakificha.
Kipo chumba cha chini, karibu na boila,
chenye darubini ya zamani na kiti kilichopasuka.
Unaweka kipande cha ini, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
unazungusha gurudumu, ukungu unapungua, unapungua,
kisha, ghafla, zambarau na waridi,
mtaa mzima wa seli umewasha taa.
Humo ninasahau kula.
Lakini ni nani aliyewahi kumletea kuku wa shukrani
mtu aliyetazama kioo?

Ningekuwa nimeshaandika, kama si jana.
Jana mzee Varlami wa kitanda namba nne,
fundi wa saa, nyonga imevunjika,
aliniomba nimkate kucha.
Si kazi yangu. Nikamkata.
Alikuwa amelala kabla sijafika kidole cha saba,
nikamaliza vitatu vilivyobaki polepole,
nisije nikauvunja usingizi wake,
na nilitamani asingekuwa na vidole kumi tu.

Mshika mawili moja humponyoka, wanasema.
Hawakusema lolote juu ya anayeshika matano
na mikono yote miwili inatoka jasho ndani ya glavu.

Nikamuuliza muuguzi Luiza: wewe ulijuaje?
Akasema, mimi nilitaka kuendesha treni.
Huu ni mwaka wa thelathini na moja, bado ninafikiria.
Akacheka peke yake, akaenda kubadilisha dripu.

Haikunisaidia.
Labda ilinisaidia baadaye kidogo,
umeme ulipokatika na mtoto wa kitanda cha kumi akalia,
nikamshikia tochi ya simu yangu,
nikamwona akiupata mshipa mwembamba kama uzi
kwa mara ya kwanza, bila kutoboa mara mbili.
Treni ile haikuwa imemtetemesha mkono.

Sasa ni saa kumi alfajiri.
Nimetafuta penseli, si kalamu,
nikaandika neno moja kwenye nafasi ya kwanza,
hafifu, linalosomeka ukiinamisha karatasi kwenye mwanga.
Nafasi mbili ni nyeupe.
Sina amani. Nina usingizi, nina njaa,
na leo ni Jumatano tu.

Kengele ya kitanda namba tisa inalia.
Ninaiwekea fomu stethoskopu juu, upepo usiichukue.
Hatua kumi na nne, kisha kushoto.
Hapo sihitaji kuuliza njia.