Tembo Wanne wa Uyole

Kijana wa dirisha namba tatu alinipa pole,
akagonga muhuri barua yangu ya mirathi,
na mashine nyuma yake ikakohoa
kurasa kumi na moja, kila mwezi na wake.
"Mama, hii ndiyo taarifa ya akaunti ya marehemu."
Nikaikunja ndani ya sweta. Ilikuwa Julai,
baridi ya Mbeya ikiuma masikio,
na karatasi bado zilikuwa na joto
kama kitu kilichotoka mwilini.

Nimezisomea jikoni, karibu na jiko la mkaa.
Tarehe tatu Machi, saa nne na dakika kumi na moja,
duka la dawa, Sokomatola: elfu kumi na nane na mia tano.
Tarehe tatu Aprili, duka lilelile, bei ileile.
Kumbe presha.
Mimi aliniambia ni vidonge vya kikohozi,
vumbi la chaki, miaka thelathini ya ualimu.
Kadi iliambiwa kweli.
Mimi mkewe nilipewa chaki.

Duka la viatu, Mwanjelwa: elfu hamsini na tano.
Hivi vya kahawia!
Alivyoapa kwamba kauziwa elfu kumi
na rafiki aliyefunga duka Tunduma.
Nimevitazama miguuni, nikacheka,
kisha kicheko kikageukia njiani.

Asangalwisye, wewe
uliyefunga mlango hata ukihesabu chenji,
uliyezungumza na daktari kwa kunong'ona,
leo umeanikwa mezani kama mahindi,
kwa saa na dakika,
na kijana wa dirisha namba tatu
amekusoma kabla yangu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi
simu yako ililia ndani ya droo.
"Ndugu mteja, dawa zako zinakaribia kwisha.
Lipa kwa kadi, upate punguzo la asilimia kumi."
Wanajua presha yako. Wanajua namba ya kiatu changu.
Wanajua Jumamosi ulipenda samaki wa Kyela kuliko nyama.
Hawajui kwamba umekufa.
Jeneza tulilinunua kwa noti za kapu la rambirambi.

Sasa, huu mstari.
Umo katika kila ukurasa, tarehe ishirini na saba:
Kutoa taslimu. Uyole. 40,000.
Basi. Hakuna duka, hakuna jina.
Tembo wanne wekundu walitoka ukutani,
wakaingia kwenye ukungu
bila kuacha unyayo.

Dada yangu Subilaga alikuja na kalamu,
akaupigia msitari wa wino mara kumi na moja.
"Hapa pana mtoto," akasema. "Kama si mtoto, mwanamke.
Twende Uyole tukaulize. Mji una macho."

Usiku ule nililala na wale tembo.
Niliwapa mtoto, nikashindwa kumpa sura.
Niliwapa deni, kamari, mganga,
mwanafunzi wa zamani aliyekosa ada.
Kila nilipowafunga kamba, ilikatika.
Noti haina mdomo.
Imeshikwa na muuza viazi, imeshikwa na padri,
imenusa dagaa, imenusa ubani,
na ukiiuliza ilikotoka
inakuonyesha mikunjo tu.

Alfajiri nikamwambia Subilaga: weka kalamu chini.
Kurasa hizi zote amewaachia benki.
Mstari huu mmoja alijiwekea mwenyewe.

Jana ilikuwa tarehe ishirini na saba.
Nilivaa viatu vya elfu hamsini na tano,
nikaenda Uyole na kadi yangu,
nikasimama mbele ya ule ukuta,
nikafunika namba za siri kwa kiganja.
Tembo wanne wakatoka, wabaridi, wamenyooka.

Nilirudi jioni mikono mitupu.
Subilaga akaniuliza nimenunua nini.
Nikamwonyesha mlima Loleza:
tazama, dada, ukungu umeshuka.