Njia ya Kuzunguka

Kutoka Donholm hadi Lunga Lunga
ni robo saa tu, Jumapili asubuhi.
Sisi hutumia dakika hamsini,
na bei ya petroli mnaijua.

Nzioki hakanyagi kiraka cha lami.
Kile kikuukuu, sawa, atapita.
Lakini kipya, cheusi ti,
kilichofukiwa juzi na vijana wa kaunti,
hicho atakikwepa hata kwa kupanda ukingo.
Miaka mitatu nilidhani anazihurumia springi
za Landrova yake ya mwaka wa sitini na tisa.
Nikamwambia, gari hilo lilikula mawe
kabla mama yako hajakuwaza.

Akacheka. Akazunguka.

Mwaka jana, mwezi wa tano, wakatuita kumi kumi
katika kantini ya kiwanda cha betri.
Meza zimefutwa, chai ipo, mandazi yapo,
ungedhani kuna anayeposwa.
Miaka kumi na tisa nimepima asidi,
betri mbovu naijua kwa harufu
kabla mashine haijasema neno.
Barua ilisema *tunasikitika* mara mbili
na ikaniita Bwana.

Nyumbani sikusema.
Wiki sita nikatoka saa kumi na mbili na nusu,
kibebeo cha chakula mkononi, mama akinipungia dirishani,
nikaenda uwanja ule nyuma ya godauni
ambako magari yetu ya kale hulala,
nikafungua boneti ya Pijo aliyoniachia baba,
404, rangi ya maziwa, gia kwenye shingo ya usukani,
nikasugua kilichokuwa safi tangu jana.

Jumatano moja nikamkuta Achola.
Jumatano! Na tai shingoni.
Tawi lao la benki limefungwa,
kazi yake sasa inafanywa na simu
(hilo nililijua baadaye).
"Unatafuta nini, Wangeci?"
"Kabureta. Na wewe?"
"Mimi pia, kabureta."
Akainama mbele ya Fokswageni yake, akachungulia kwa makini,
na injini ya Fokswageni iko nyuma.
Nikanyamaza.

Ilikuwa hapo, alasiri, mvua ikitishia isinyeshe,
Nzioki kichwa ndani ya injini yangu, mkono umezama hadi kiwiko,
akasema, bila kutuangalia:
"Kule ng'ambo ya mpaka,
udongo uliochimbuliwa usiku una rangi yake.
Mimi ndiye niliyeendesha lori la mbele.
Rangi hiyo niliijua kama uso wa mwanangu.
Siku ile waliniweka lori la pili."

Achola akalegeza tai.

"Nipe namba kumi na tatu," akasema Nzioki.
Nikatafuta spana, nikaifuta kwa leso yangu
ijapokuwa haikuwa na grisi,
nikampa.

Jioni hiyo nilimwambia mama.
Akasema alijua tangu wiki ya kwanza:
kiatu cha kiwandani hurudi na vumbi jeupe,
changu kilirudi na mafuta.

Siku hizi Landrova ikiugua, Nzioki hupanda na mimi.
Tukikaribia geti la kiwanda, lile la bluu,
askari yuleyule, mti uleule wa jakaranda,
yeye hunionyesha kushoto, mapema.
"Pita huku, kuna kivuli."
Huku hakuna kivuli. Kuna mabati na mbwa wawili.
Nakata kona.
Na mimi nikiona weusi mpya barabarani
nashuka kwenye changarawe, bampa inakwaruza,
vyombo vinalia kwenye buti kama harusi ya masufuria.
Hasemi asante. Siulizi.

Tunafika chai imepoa.
Jaswant, aliyeegemea Datsun yake kama mkwe,
anatazama saa, anatutazama sisi:
"Kila Jumapili? Leo ni nini tena?"

Kabureta, nasema.
Plagi, anasema Nzioki,
sauti zetu zikigongana.