Ndoo Mbili

Umenipa ndoo mbili, mhandisi:
nyekundu ya kuta, nyeupe ya lami.
Ukasema nianze na nyekundu.

Kutoka stendi ya Kibaigwa mpaka soko la mahindi
nimepiga X ishirini na sita.
Ya ishirini na saba imenigomea.
Ni ukuta wa Sechelela Chibago, mwenye mashine ya kukoboa.
Hakulia, hakutukana.
Alileta kiti, akasema, "Panda, uiandike juu,
huku chini watoto wataifuta kwa migongo."
Brashi ikanikaukia mkononi.

Nikashuka. Nikachukua futi kamba,
nikapima barabara badala ya nyumba.
Wewe umewahi kuipima usiku, umepiga magoti?
Imelala kifua wazi kama uwanja wa ndege,
ndiyo maana malori ya Kigali yanataka kupaa.
Dereva hasomi kibao cha hamsini.
Anasoma upana,
na upana unamwambia: kanyaga.

Basi niruhusu nianze na nyeupe.
Niisogeze mistari ndani, hatua huku, hatua kule,
tela lijione limenenepa,
mguu wenyewe uachie mafuta
bila trafiki kujibanza nyuma ya magunia ya mkaa.
Pembeni patabaki pa kupita mkokoteni wa punda,
na Nyemo, wa darasa la pili,
anayevuka akihesabu magurudumu kwa sauti
asikosee.

Unasema njia nne zitamaliza msongamano.
Baba alipanua lango la zizi
ng'ombe wasisukumane wawili wawili.
Wakasukumana wanne wanne.

Na hizo dakika nne unazowapa madereva
watazirudisha zote kwenye mizani ya Nala,
wakichemsha chai chini ya tela.

Sikuletei methali ya haraka, unaijua.
Nakuletea hesabu:
madebe sita ya rangi, vibao vinane vya arobaini,
kazi ya siku tatu,
na kuta ishirini na saba zimesimama.
Zile ishirini na sita nitazipaka chokaa mimi,
kwa posho yangu, usinikate mara mbili.

Kiti bado kipo ukutani. Nimekikalia.
Mashine inakoboa, pumba zinanitua mabegani,
simu yako haijalia,
na nyekundu imeanza kuganda.