Kufua Dafu

Jezi zi kwenye kamba, ishirini na mbili,
njano iliyochujuka ikawa kama samli ya zamani.
Ya ishirini na tatu haipo. Tutafika.

Katibu amekwisha andika ripoti yake:
mechi thelathini na nne, ushindi tisa,
sare kumi na moja, vipigo kumi na vinne,
nafasi ya kumi na tano, roho mkononi.
Karatasi moja, muhuri, kwisha.
Yangu niliiandika kwa sabuni ya kipande,
nikaimwaga mtaroni kila Jumatatu.

Zilikuja Agosti, bado zina mikunjo ya dukani.
Nyuki wa Makupa! Tulishinda tatu mfululizo,
nikafua jasho tupu, jepesi kama maji ya mchele.
Watoto wa Majengo wakaja kuzigusa kambani.
Nikawafukuza, halafu nikawaita warudi.

Baadaye zikaanza safari.
Hakuna aliyeniambia walikocheza, nami sikuuliza.
Udongo wa Voi ni mwekundu, hautoki kwa kubembelezwa.
Wa Nairobi mweusi, unanata kama deni.
Kakamega walirudi na majani mabichi magotini
na mabao manne, nayo hayana doa.

Mfereji hukauka Jumatatu,
utadhani kampuni ya maji inashabikia wapinzani.
Nikanunua madumu kwa mkopo.
Mshahara wa Oktoba ulisemwa utakuja Novemba;
Novemba ikaja peke yake.

Nambari moja, Ngumbao: viwiko vimekwisha, nimevitia viraka.
Nambari nne, Mwakio: mkono wa kushoto umelegea,
kila mshambuliaji wa nchi hii ameuvuta.
Nambari tisa, Famau: safi.
Mechi saba, safi, hata harufu yake ya udi haijatoka.
Nikamwambia kocha, "Huyu haanguki."
Kocha akacheka: "Bi Rukiya, wewe fua."
Wiki mbili baadaye akamweka benchi.

Januari walimnunua Karisa, nambari saba,
yule wa Mtwapa mwenye miguu kama mkasi.
Timu kubwa ya bara, pesa taslimu.
Kwa pesa hiyo tulilipwa sote, hata mimi.
Nilinunua ndoo mbili mpya
na sikuthubutu kumlaumu aliyemuuza.

Toka hapo ni kupigwa. Februari, Machi.
Mashabiki walikuwa wakiimba, wakaanza kuhesabu,
kisha wakakaa nyumbani.
Jirani yangu aliuliza dirishani,
"Vijana wako wamefua dafu leo?"
"Anayefua hapa ni mimi," nikamjibu,
nikafunga dirisha.

Mechi ya mwisho, Mbaraki, mvua ya masika.
Pointi moja tubaki, bila hiyo tushuke daraja.
Siendi uwanjani, moyo wangu hauwezi;
niliketi na redio, betri zikifa.
Dakika ya themanini na nane mtangazaji akapiga ukelele,
sauti ikakatika.

Niliisoma mechi Jumatatu, ndani ya beseni.
Nambari tisa: tope kifuani toka shingo hadi kiuno,
damu kidogo kwenye kola,
na mstari mweupe wa chokaa, mnyoofu, tumboni.
Famau alikuwa amelala juu ya mstari wa goli letu,
goli letu, si lao,
mpira ukamgonga ukarudi.
Sifuri kwa sifuri.

Nimeifua mara tatu. Chokaa imetoka.
Damu imebaki kivuli, na sisugui tena.

Sasa ile ya saba.
Katibu ameandika: *jezi moja, imepotea.*
Nilimwambia ni kunguru, naye anawajua kunguru wa Mombasa,
waliwahi kumwibia kijiko.
Ukweli ni kwamba Karisa alipita alfajiri na begi lake,
akasimama mbele ya kamba, hakusema neno.
Ilikuwa bado mbichi.
Niliikamua tena, nikamkunjia.

Agosti zitakuja nyingine.
Sabuni imepanda bei.