Kipimo cha Mguu

Walinipa cheti, saa ya ukutani isiyokwenda sawa,
na mkono wa meja, umelowa jasho.
Miaka ishirini na miwili; kisha lango likafungwa nyuma yangu
taratibu, kama mlango wa choo.

Haya, chagua, akasema Wakesho kwenye simu,
mwalimu wa darasa la nne, asiyependa sentensi ndefu.
Mwanetu wa kwanza akataka Voi: kuna treni, baba, kuna benki.
Shemeji Mghanga akapigia debe Nanyuki,
wastaafu wamejaa kule, hutakosa wa kuzungumza naye.
Hilo ndilo lililonitia hofu:
kuzeeka katikati ya watu wanaoanza kila neno na "unakumbuka?"

Mimi miji naijua kwa namna mbaya.
Nikiingia, nahesabu njia za kutokea,
natafuta ukuta wa kujikinga,
paa lenye nafasi ya mtu mmoja na bunduki.
Ni ugonjwa. Hospitali ya jeshi haina kidonge chake.
Kila mji niliupa alama kwa kipimo hicho,
na miji mizuri yote ikafeli.

Siyu niliipita mara moja tu, mwaka wa doria,
dakika arobaini, maji yakiwa yamejaa,
kabla mkondo haujakauka na kutufungia kati ya mikoko.
Ngome niliitazama kwa jicho la kazi:
kuta nene, lango moja, uwanja wazi mbele.
Nikamwuliza mtoto, nani analinda hapa?
Akafikiri sana.
Mbuzi, akasema.

Nimerudi na sanduku la bati na redio.
Chumba nimepewa na Bi Somoe, nyuma ya kisima,
kwa kodi ya miezi mitatu na swali moja:
"Umekuja kumlinda nani?"
Sijui, nikasema. Akacheka, akanionyesha pa kuanika nguo.

Saa kumi alfajiri nilikuwa wima, kitanda kimenyooshwa,
nangoja wa kunipigia kelele.
Nikatoka. Buti zangu zikaingia kichochoroni kabla yangu,
na dirisha likafungwa, na jingine.
Mtu alikuwa akikohoa; akaacha kukohoa.
Hapo nikaisikia sauti niliyotembea nayo miaka yote,
nikaisikia kutoka upande wa pili, upande wa kitandani.
Nikazivua. Nikarudi na soksi, kama mwizi wa kuku.

Jua lilipopanda nikaenda kwa Fundi Shee Bwanahamadi,
mshona makubadhi.
Nikataja namba: tisa. Ndiyo iliyo kwenye faili langu.
"Namba ni ya kiatu," akasema. "Ndoo, keti. Lete guu."
Akatandika kipande cha katoni ya sabuni,
akanishika kifundo
(sijashikwa mguu tangu mama)
akazungusha kalamu, kidole kwa kidole,
hata kile kilichovunjika mahali nisipopataja.
Pale kalamu ilisita. Hakuuliza.
Aliandika tu kando: hapa acha nafasi.

Siku nne, akasema, ngozi bado mbichi.
Nilikuwa nimekaa na mguu mtupu juu ya mkeka wa mtu,
mgongo wangu ukielekea mlangoni,
na sikujua kibanda kile kina njia ngapi za kutokea.

Nikampigia Wakesho.
"Umepata?"
Nikamwambia kuna kisima, maji yana chumvi kidogo.
Nikamwambia bodaboda za hapa zinapiga honi bila sababu.
Kisha nikasema: shule zikifungwa njoo, lakini kwanza
simama juu ya karatasi, uchore mguu wako, unitumie.
Akanyamaza. Nikasikia watoto wa darasa la nne
wakitumia vizuri nafasi hiyo.
"Mguu upi?"
Yote miwili.
Fundi anasema haifanani.