Mkanda Uliokwisha Kubeba Mtu

Rustavi, mwezi wa pili, soko la magari.
Theluji imechanganyika na oili, haina tena jina.
Vazha amelizunguka gari mara tatu,
amepiga teke tairi, ameinusa injini
kama anayenusa supu ya jirani.
"Nalichukua," asema. "Rangi yake imetulia."

Eteri fundi hajibu. Huanzia wasikoanzia wengine:
anakaa kiti cha dereva, anaushika mkanda,
anauvuta,
anauvuta,
hadi roda ndani ya nguzo iseme basi.

"Tazama. Si hapo, hapa."
Shibiri moja ya kitambaa inameta kama kiwiko cha koti kuukuu,
nyuzi zimeyeyuka zikashikana pale palipopita pete.
"Huu umeshabeba mtu. Ghafla, kwa uzito wake wote.
Haubebi mara mbili.
Gari wamelinyoosha uso, wamelipaka poda,
huu wakauacha, maana nani huuvuta hadi mwisho?"

Vazha acheka. Atoa mfukoni kidude,
ulimi wa chuma usio na mkanda.
"Nauchomeka tu, kengele inanyamaza.
Naenda Tbilisi, siendi mwezini."

"Kaka yangu Gocha," asema Eteri, akiwa bado ameinama,
"wake aliupitisha kwapani, ati unamwasha shingo.
Mbavu nne.
Yu hai, ndiyo. Ukimchekesha, hujishika ubavu kwanza,
kisha ndipo acheke."

Bisibisi, bolti, kimya.
Mkanda mpya una harufu ya boksi.
Unavutika, unarudi wenyewe; ukiushtua, unagoma.
"Ukigoma hivyo, ujue ni mzima.
Ukichafuka, sabuni na maji vuguvugu. Dawa ya madoa, hapana.
Begani, si shingoni. Nyongani, si tumboni.
Na hilo koti livue:
mkanda utamshikaje mtu aliyejificha ndani ya godoro?"

Ule wa zamani anaukata kwa mkasi vipande vitatu
usije ukarudi sokoni na jina jipya.
Vazha anaokota kile kinachometa,
anakipitisha kidole, kwenda na kurudi.
"Na yeye? Aliyebebwa?"
"Mkanda hausemi. Damu haina."

Analipa akinung'unika, lari moja moja.
Kidude kimerudi mfukoni, Eteri ameona.
Ila nje, baridi ikiuma hadi meno,
mzee mzima anahangaika na vifungo,
anavua koti,
analiweka kiti cha pembeni
kama abiria.