Cha Kushoto

Dukani kwetu Langoni,
makubadhi ya rafuni
ni shufwa hata gizani:
hayakujua witiri.

Baba gundi na sindano,
nyuzi huvuta kwa meno;
mimi, kalamu mkono,
jozi zangu hukariri.

Akaja Shee Famau,
ana mguu, si miguu:
“Niuzie kwa nafuu
kimoja tu, cha safari.”

Alitwaa cha kushoto,
nikabaki na uzito.
“Toa moja,” kwa mkato
Baba kasema, “witiri.”

Nikatia jozi tatu,
kisha nne, zote zetu;
hesabu haina utu:
ilibakia witiri.

Ningezidisha kwa tisa,
witiri ingenitesa;
kwa mbili, pasipo kosa,
shufwa ingerudi shwari.

Asubuhi, toka Faza,
Bi Mize akauliza:
“Cha kulia mnauza?”
Mguu mmoja, hodari.

Wala hawakujuana,
witiri wawili, bwana;
kitabuni, shufwa tena.